Shujaa Asiyetaka Tribinali

Baba mmoja wa parokia alitujia siku ya Dominika baada ya Misa, ameshika kitu alichokifunga ndani ya gazeti kama mtu anayebeba samaki. Alipokifungua tukaona kitabu cha picha, kimetafsiriwa kwa Kifaransa, karatasi zake nzuri, rangi zake za giza. Alikikuta chini ya godoro la mwanawe wa miaka 15. Akatuuliza neno moja tu: "Nikichome?"

Tulimwambia angoje kwanza. Mtu hachomi asichokisoma. Basi tumekisoma, si mara moja, tena tumetafuta na ndugu zake wa ukoo ule ule, na leo twamjibu yeye, na pamoja naye wazazi wote wanaoona vitabu hivi na filimu zake vikiingia nyumbani mwao kwa mlango na kwa simu.

Kitabu chenyewe kwa Kifaransa kinaitwa Batman: Année Un. Mtungaji ni Frank Miller, mchoraji ni David Mazzucchelli, na kilitoka Marekani mwaka 1987 katika sehemu nne. Wengi wenu mnamjua Batman huyo kwa sinema: tajiri ambaye wazazi wake waliuawa njiani na mwizi mbele ya macho yake alipokuwa mtoto, naye akiisha kukua anavaa mavazi ya popo na kupiga wahalifu usiku. Lakini msifikiri kwamba huu ni mchezo wa watoto. Mji wa Gotham katika kitabu hiki umeoza. Polisi wanakula rushwa, mkubwa wao anakula na majambazi, mvua na giza havina mwisho, na kila mtu anasimulia moyo wake kwa maneno mafupi, makavu, kama mtu aliyekosa usingizi. Namna hii ya hadithi watu wa Ulaya wanaiita "nyeusi". Neno lilitoka Ufaransa: mwaka 1945 Marcel Duhamel alianzisha huko Paris mfululizo wa vitabu vya upelelezi vyenye majalada meusi, na punde si punde jina lile likapewa filimu pia. (Tungeweza kuuliza kwa nini ubaya upewe rangi yetu, lakini tuache, leo tuna shauri lingine.)

Ukoo huu una wazazi wawili. Mzazi wa kwanza ni mpelelezi wa vitabu vya Marekani. Dashiell Hammett, ambaye mwenyewe alifanya kazi ya upelelezi katika kampuni ya Pinkerton, alitoa The Maltese Falcon mwaka 1930. Raymond Chandler alitoa The Big Sleep mwaka 1939. Mpelelezi wao ni mtu kama sisi. Hana mali, analipwa kwa siku, akipigwa kichwani anaanguka. Anaujua ukweli, lakini kuuponya mji hawezi. Mzazi wa pili ni shujaa wa nguvu za ajabu, yule Superman aliyetokea mwaka 1938, mwenye kunyanyua motokari kwa mikono yake. Mtoto wao hakukawia. Batman alionekana mara ya kwanza katika namba 27 ya gazeti Detective Comics, yenye tarehe ya Mei 1939, na jina la gazeti lenyewe maana yake ni habari za upelelezi. Walioibuni habari yake walikuwa wawili, Bob Kane na Bill Finger. Lakini kwa miaka mingi liliandikwa jina la Kane peke yake; Finger alikufa mwaka 1974, na hakuandikwa kama mbunifu mwenzake mpaka mwaka 2015. Vitabu vinavyohubiri haki vilianza na dhuluma hiyo mezani pao wenyewe.

Sasa, tukichome?

Ndugu zetu Wakatoliki wa Marekani walikwisha kujaribu. Mwaka 1948, katika mji wa Binghamton, jimbo la New York, wanafunzi wa shule moja ya kikatoliki walikusanya vitabu vya picha wakavitia moto. Ilikuwa miaka mitatu tu tangu vita kuisha, na watu walikuwa bado wanakumbuka ni nani waliochoma vitabu huko Ujerumani kabla yao. Mwaka 1954 mganga wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, akaandika kitabu kizima kuonyesha kwamba vitabu vya picha vinawaharibu vijana. Baraza la Senati likawaita watoaji wa vitabu na kuwahoji. Watoaji wakaogopa, wakajiwekea sheria mwaka ule ule: mhalifu aadhibiwe kila mara, na polisi, mazuzi na wakubwa wa serikali wasionyeshwe kamwe kwa namna ya kuwakosesha heshima.

Msisahau sehemu ya pili ya habari hii. Makaratasi ya Wertham yalifunguliwa kwa wasomi mwaka 2010, na mwaka 2012 Carol Tilley, mwalimu wa chuo kikuu cha Illinois, aliyasoma akatangaza kwamba mganga yule alikuwa amebadili maneno ya vijana aliowahoji, mengine ameyakata, mengine ameyachanganya, ili yakubaliane na shauri lake. Alipigania jambo jema kwa ushahidi ulioghoshiwa. Na ile sheria ya kuficha polisi wabaya ilifanya nini? Iliwafanya watoto wa Marekani wasome kwa miaka mingi hadithi za mji usiokuwako. Sheria yenyewe ilikufa kidogo kidogo. Kampuni ya Marvel iliiacha mwaka 2001, na kampuni ya DC, yenye Batman, mwaka 2011. Hatuililii. Sisi wa Kongo twajua maana ya kuchaguliwa na wengine kipi tusome na kipi tusisome.

Kwa hiyo, Baba, usichome. Lakini asiyechoma si lazima asifu, nasi hatusifu.

Tuanze na mahali ambapo hata sisi tulifurahi. Katika kitabu hiki wakubwa wa mji wamekaa mezani: matajiri, mkubwa wa polisi, jambazi mkuu anayewalisha wote. Wanakula vizuri. Ghafula taa zinazimika, ukuta unapasuka, na Batman anasimama katika moshi kuwaambia kwamba wameula mji siku nyingi, na sasa karamu imekwisha. Nani kati yetu, ambaye amelipa franka zake mara mbili kwa karatasi moja ya ofisi, nani asiyefurahi? Tulifurahi. Tuliusoma tena ukurasa ule.

Kisha tulijiuliza: kesho yake kumebadilika nini? Hakuna hata mmoja wao aliyeitwa mbele ya zuzi kwa sababu ya ukuta ule. Mkubwa wa polisi alimchukia tu popo huyo zaidi, akatuma askari wamwinde, na nyumba mbovu walimolala maskini ikapigwa bomu kwa ajili ya kumtafuta. Soma mpaka mwisho uone ni nini kilichomwangusha mkubwa yule. Ni mashahidi. Polisi mmoja mla rushwa, baada ya kushtakiwa, alifungua kinywa akawataja walio juu yake. Avoka wa serikali akaandika. Mkubwa akaacha kazi. Ndiyo, twajua kwamba shahidi wa kwanza kabisa katika mlolongo ule, mwuza dawa za kulevya, alikubali kusema kwa sababu Batman alimjia usiku kumtisha. Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanza. Mtu aliyetishwa usiku husema lolote ili kupambazuke. Zuzi mwenye akili angeliuliza: nani alikufikia, alikufanya nini, na jina lake nani? Mwenye kinyago hawezi kuja kujibu. Anataka tribinali ile matunda ya kazi yake, yeye mwenyewe asiingie mlangoni mwake kamwe.

Wanaosifu vitabu hivi wanatuambia: ninyi mnapenda hadithi za watakatifu, hivi ni vitabu vya watu wazima, vinaonyesha dunia ilivyo. Twakataa. Vinaonyesha nusu ya dunia ilivyo, na nusu ya pili ni ndoto ya mtoto. Mpelelezi wa Hammett, Sam Spade, mwisho wa kitabu anampata mwuaji wa mwenzake wa kazi: ni mwanamke anayempenda. Anaumia, lakini anamtia mikononi mwa polisi. Habari ni nyeusi kwa sababu hana njia nyingine. Hawezi kuruka juu ya paa la nyumba. Sasa mpe mtu yule yule mali isiyohesabika, motokari isiyopenya risasi na ngumi zisizochoka. Uzito wa uamuzi wake umetoka. Kinachobaki ni mvua, kofia, koti refu na uso wa huzuni, yaani mapambo. Walichukua huzuni ya maskini wakamvika tajiri, na tajiri huyo anawapiga maskini mitaani. Nasi tuiite hiyo hadithi ya watu wazima?

Tena kuna jambo la biashara, ambalo halisemwi sana. Katika Batman namba 1 ya mwaka 1940 alitokea adui mwenye uso wa kuchekacheka, Joker. Watungaji walikuwa wameandika kwamba anakufa mwishoni mwa gazeti lile kwa kisu chake mwenyewe. Mhariri wao, Whitney Ellsworth, akaagiza picha moja iongezwe kuonyesha kwamba bado anapumua, maana adui mzuri namna hii anafaa kurudi. Basi amerudi. Zaidi ya miaka 80 sasa anarudi, anaua, anafungwa, anatoroka, anaua. Si kwamba moyo wake ni mgumu kuliko wa Farao. Ni kwamba anauzwa.

Lakini habari iliyotuuma zaidi ni ya Harvey Dent. Avoka huyu, mshtaki wa serikali, alimwagiwa tindikali usoni ndani ya tribinali, nusu ya uso ikaharibika, na akili yake nayo ikagawanyika, akawa jambazi mwenye kurusha sarafu ili kuamua kutenda mema au mabaya. Hayo yaliandikwa mwaka 1942. Je, mnajua kwamba watungaji wa kwanza waliimaliza habari yake? Mwaka 1943 Dent alitibiwa uso, akajuta, akarudi kwa bibi yake Gilda. Mhalifu alitubu na nyumba ikapona! Kwa miaka 10 hivi wakamwacha hivyo, wakatumia watu wengine waliojifanya yeye. Kisha mwaka 1954 wakamharibu uso tena, na tangu hapo kila mtungaji anayetaka kuonekana mwenye mawazo mazito anaianza tena ile tindikali. Loeb na Sale walifanya hivyo mwaka 1996 na 1997 katika sehemu 13, kwa picha nzuri sana, hatukatai. Lakini hawakuweza kumwacha mtu aliyetubu akae nyumbani kwake na mke wake. Mtu aliyepona hana sehemu ya pili ya kuuza mwezi ujao.

Hilo ndilo giza letu tunalolilalamikia. Si bastola, si damu; Biblia ina damu nyingi. Ni kwamba katika Gotham hakuna anayepona.

Watu watatuambia kwamba watungaji wakubwa wenyewe wameliona hili. Kweli, na ni lazima tuwape haki yao. Waingereza wawili, Alan Moore na Dave Gibbons, walitoa Watchmen mwaka 1986 na 1987. Humo mna Rorschach, mwenye koti refu na kofia ya mpelelezi, na uso wa kitambaa chenye madoa. Anaingia katika baa kuuliza nani amemwua mtu fulani, anamshika mlevi mmoja asiyejua kitu, anamvunja kidole kimoja, kisha kingine. Hakuna aliyejua. Anatoka mikono mitupu. Moore alimwandika kuwa onyo: mtu anayenuka, asiye na rafiki, anayekula maharagwe baridi ndani ya kopo. Wasomaji wakampenda! Moore mwenyewe amesema mara kadhaa kwamba alishtuka kuona watu wanamjia na kujisifu kuwa wanafanana naye. Basi tuulize: onyo linalopendeza kuliko dhambi lenyewe lamwonya nani? Ukimchora mvunja-vidole kwa mistari mizuri namna ile, kijana ataona mistari.

Frank Miller naye, mtungaji wa kitabu cha mwana wa baba huyu, aliwahi kuandika habari ambayo ingetosha kutunyamazisha kama wangeisikiliza wao wenyewe. Ni ya Daredevil, naye anatuhusu sisi kwa namna ya pekee, maana mshujaa huyu ni Mkatoliki. Alibuniwa na Stan Lee na Bill Everett mwaka 1964: Matt Murdock, kipofu, avoka mchana na mpiganaji usiku katika mtaa wa Hell's Kitchen huko New York. Kwa Miller akawa mtu wa hadithi nyeusi. Katika namba 191, ya mwaka 1983, Daredevil amekaa karibu na kitanda cha adui yake aliyepooza, ameshika bastola, anamwelekezea yeye na kujielekezea mwenyewe, huku akimsimulia habari ya mtoto mmoja. Mtoto huyo alimpenda Daredevil kupita kiasi. Alitazama picha zake za video usiku na mchana. Siku moja akachukua bastola ya baba yake akaenda nayo masomoni na kumpiga risasi mwenzake. Mshujaa anajiuliza kitandani pale kama anapigana na ujeuri au anaufundisha. Kisha tunagundua kwamba bastola haikuwa na risasi. Kurasa zile ni nzuri. Tulizisoma kimya. Lakini mwezi uliofuata gazeti lilitoka tena, na ngumi ziliendelea.

Tena tazameni: ni avoka! Mchana anasimama mbele ya zuzi kuapisha mashahidi, usiku anavunja meno ya watu wale wale anaotaka wahukumiwe kwa haki. Na Dominika? Miller na Mazzucchelli, katika habari ya mwaka 1986, walimfanya aangushwe kabisa, apoteze nyumba, kazi na jina, kisha aokotwe na Masista na kuuguzwa misioni, na Sista anayemwuguza, tunaelezwa kwa siri, ndiye mama yake. Hapo sisi Wakatoliki tunapiga makofi: tazama, Kanisa limo! Limo, lakini kama mvua na kofia. Linampa dirisha la vioo vya rangi na msalaba wa kivuli ukutani. Daredevil anaugua kwa majuto miaka nenda miaka rudi, lakini majuto yake hayana nia ya kuacha. Katekista yeyote wa kijijini anamfundisha mtoto wa komunio ya kwanza kwamba hayo si majuto kamili.

Labda msomaji anasema: haya ni mambo ya Amerika, yanatuhusu nini? Yangekuwa ya Amerika tu tusingepoteza wino. Lakini twajua, na msiseme hamjui, yanavyokuwa katika mitaa yetu mwizi akishikwa. Mtu mmoja anapaza sauti. Watu wanatoka nyumbani, hawaulizi ni nani, ameiba nini, wa nani. Wanapiga. Mwingine analeta tairi. Kijana aliyepotea njia usiku katika mtaa asiojulikana anaweza kufa namna hiyo bila kuiba hata sindano. Na kesho yake ukiuliza, wanakujibu jibu lile lile: polisi wanakula rushwa, tribinali inauzwa, tufanyeje? Hili ndilo jibu la Batman, neno kwa neno. Hatusemi kwamba wapigaji wale wamesoma vitabu vya picha; wengi wao hawajaona hata kimoja, na desturi hiyo mbaya ilianza bila msaada wa Gotham. Tunasema jambo lingine. Mtoto anayekua akiona ukatili ule njiani anahitaji mahali pa kusikia kwamba ni ukatili. Badala yake anafunguliwa kitabu chenye rangi nzuri kinachomwambia: mji ukioza, mwenye nguvu na apige, na kama uso umefichwa, mikono haina mwenyewe. Katika kundi la watu wanaopiga usiku hakuna anayehitaji kinyago. Giza na wingi wao ni kinyago tosha.

Ajabu ni kwamba filimu ya The Batman ya mwaka 2022, iliyotengenezwa na Matt Reeves, inajua hili. Mwishoni mmoja wa wauaji anaulizwa ni nani, naye anajiita kisasi, jina lile lile ambalo Batman alijiita mwanzoni alipokuwa akipiga watu. Batman anaganda. Kisha anawasha taa ya moto na kuwaongoza watu wa mji kutoka majini. Dakika zile chache tulipenda kuliko saa mbili na nusu zilizotangulia. Lakini ona ni saa ngapi za ngumi zilihitajika ili kufika hapo, na jiulize ni vijana wangapi walikuwa wamekwisha kushiba kabla.

Msituone kwamba hatupendi hadithi za wezi na wapelelezi. Tunazipenda. Mwaka 1911 Mwingereza Chesterton alitoa kitabu cha kwanza cha Padri Brown, padri mfupi mwenye mwavuli, ambaye anawafahamu wahalifu kwa sababu ameketi miaka mingi katika kiti cha maungamo. Alimwiga padri wa kweli, John O'Connor, na padri huyo ndiye aliyempokea Chesterton katika Kanisa mwaka 1922. Mwizi mkubwa wa hadithi zile, Flambeau, ni jitu lenye nguvu za ajabu na mwenye kujibadili sura kila siku. Yaani, kwa nguvu na kwa vinyago, yeye ndiye anayefanana na Batman. Usiku mmoja Flambeau amejificha juu ya mti na almasi alizoiba. Padri anasimama chini na kusema naye, basi. Hampigi. Almasi zinaanguka majanini. Flambeau anaacha wizi, tena anakuwa mpelelezi na rafiki wa padri, na Chesterton hakumrudisha wizini ili auze kitabu kingine. Inawezekana, basi! Na vitabu vile vinasomwa mpaka leo.

Hata ndani ya ukoo huu wa vinyago kuna walio wema. Will Eisner, Myahudi wa New York, alianza Juni 1940 kuchora The Spirit, mpelelezi mwenye kinyago kidogo cha macho tu, kwa magazeti ya Dominika, akaendelea mpaka 1952. Mpelelezi wake anapigwa mno, anachekesha, mara nyingi hata hahitajiki. Mwaka 1948 Eisner alichora habari ya Gerhard Shnobble, mlinzi mnyonge aliyefukuzwa kazi, ambaye tangu utoto anajua kuruka hewani lakini hakuna anayejua. Anapanda juu ya jengo refu ili ulimwengu umwone. Anaruka. Wakati ule ule The Spirit anapigana na majambazi juu ya paa. Risasi moja inapotea njia, inampata Shnobble hewani, naye anaanguka amekufa. Hakuna hata mmoja aliyemwona akiruka. Kurasa saba tu. Hapo nguvu ya ajabu na habari nyeusi zimekutana kwa haki, kwa sababu nguvu yenyewe haimsaidii mtu kumshinda mwenzake, na mtungaji amemhurumia mdogo kuliko wote.

Na Gotham Central, ya Ed Brubaker, Greg Rucka na Michael Lark, namba 40 toka 2003 mpaka 2006! Humo Batman haonekani sana. Wanaoonekana ni polisi wa kawaida, wanaume na wanawake, wanaoandika ripoti na kunywa kahawa mbaya. Mmoja wao anauawa, na wenzake wanapania kumkamata mwuaji kabla ya jua kuzama, maana likizama watalazimika kuwasha ile taa ya popo juu ya paa na kuomba msaada. Wanaona aibu. Taa yenyewe huwashwa na karani asiye askari, ili serikali iweze kusema kwamba haimjui mtu yule. Kwa maneno hayo machache ya karani na swichi, watungaji wameukosoa uongo wote wa kinyago kuliko tunavyoukosoa sisi. Kijana akitaka kusoma Gotham, na asome hiyo, ingawa ina maneno machafu na haifai watoto wadogo.

Turudi kwa baba yetu na kitabu chake, maana anangoja.

Katika Année Un kuna mtu mwingine, na watu wengi wanamruka ili wamfikie popo. Ni polisi Jim Gordon, mgeni mjini, mke wake ana mimba. Si malaika. Polisi wenzake wakiisha kumpiga kwa sababu amekataa rushwa, naye anamvizia mkubwa wao njiani usiku na kumpiga vilevile, akamwacha uchi. Hapo amekwisha kuambukizwa ugonjwa wa mji. Tena anaanguka na mwanamke wa kazini. Mkubwa wa polisi anapata picha, anamwita: nyamaza juu ya mambo yetu, la sivyo mkeo ataona. Wangapi mjini kwetu wamefungwa midomo kwa kamba kama hiyo! Batman angevunja ukuta. Gordon hana ukuta wa kuvunja. Anamchukua mkewe katika motokari na kumwambia yote kwa kinywa chake mwenyewe, na tangu saa ile mkubwa hana kitu mkononi. Hakuna ngumi katika ukurasa huo. Wala kinyago.

Tumemrudishia baba yule kitabu, kimefungwa katika gazeti lile lile. Ndani tumeweka karatasi mahali pa motokari. Tumemwomba asikirudishe chini ya godoro wala asikifiche kabatini, bali akiweke mezani jioni, akae na mwanawe, kijana asome kwa sauti mpaka kwenye karatasi, kisha baba amwulize kwa nini Gordon alisema. Alitujibu kwamba yeye Kifaransa chake ni kidogo. Tukamwambia kijana atamtafsiria.